Daftari la Mahudhurio Laujua Ugonjwa wa Mtoto

Kila mwalimu aliyewahi kufundisha darasa la kwanza au la pili anamfahamu mtoto huyu. Pua yake haikauki. Asubuhi, wenzake wakiwa wamenyooka mstarini, yeye hupiga chafya mara saba au nane mfululizo, kisha husugua macho kwa kiganja mpaka yakawa mekundu. Ukimtazama kwa karibu utaona chini ya macho yake pamefanya weusi kama wa mtu asiyelala, na juu ya pua, pale mfupa unapokwisha, pana mkunjo mdogo uliokata toka kushoto hadi kulia, ambao umetokana na kuisugua pua kwenda juu kutwa nzima. Wenzake wamempa jina la kumdhihaki. Mama yake ameambiwa na majirani kwamba sababu ni maji ya baridi, naye amekwisha kumkataza mtoto kuoga asubuhi, lakini kamasi bado linatoka.

Nataka kutoa hoja kwamba mtoto huyu, mara nyingi kuliko tunavyodhani, hana mafua. Ana mzio wa chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua ya nyasi na ya miti unaopeperushwa na upepo. Nataka kuongeza kwamba mtu aliye na nafasi ya kwanza ya kuligundua jambo hilo si daktari, ambaye humwona mtoto siku moja na kumwandikia dawa, bali ni mwalimu, ambaye humwita jina lake kila asubuhi na kuweka alama katika daftari la mahudhurio. Mafua huja wakati wowote na huondoka baada ya juma moja. Chavua hufuata mvua, na mvua zina miezi yake.

Nilijifunza hayo kwa aibu, nami sitaificha. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule moja ya bara. Palikuwa na mvulana mmoja, mtulivu, mwenye akili ya hesabu, aliyekuwa na tabia ya kukosa shule siku mbili au tatu, akarudi, akakosa tena. Kwa kawaida ya shule yetu, adhabu ya utoro ilikuwa kufyeka. Basi mwezi Mei, ukoka ulipokuwa umejaa uwanja mzima na majani marefu ya kando yametoa mashuke, nilimpimia hatua kumi kwa kumi na kumpa fyekeo. Alifyeka kutwa, akipiga chafya, nami nilidhani anatafuta huruma. Usiku ule baba yake alimpakia kwenye baiskeli na kumkimbiza zahanati, kifua kikitoa sauti kama filimbi na mbavu zikiingia ndani kwa kila pumzi. Alilazwa, akachomwa sindano za kichomi kwa siku nne, akarudi darasani amekonda. Nikazijumlisha zile siku nne katika hesabu yake ya utoro, nikamkumbusha kwamba sehemu yake ya uwanja ilikuwa haijakwisha.

Mwisho wa mwaka, nilipokuwa nikikamilisha jumla za mahudhurio, niliona jambo ambalo ningelielewa kama ningekuwa na mtu wa kunifundisha. Siku alizokosa mtoto yule hazikutawanyika mwaka mzima kama za wenzake. Zilikuwa zimerundikana mahali pawili: kuanzia mwishoni mwa Aprili mpaka Juni, kisha tena mwezi Novemba. Miezi ya kiangazi alihudhuria karibu kila siku. Nilidhani wazazi wake walikuwa wakimchukua kwenda kupalilia. Baada ya miaka mitatu alipelekwa hospitali kubwa ya mbali, na huko daktari alimdondoshea matone mbalimbali mkononi na kumchoma ngozi kidogo katika kila tone. Baada ya robo saa tone la nyasi lilikuwa limevimba kama alipoumwa na mbu. Habari hizo nilizipata kwa baba yake, aliyenieleza bila kinyongo, nami sikuwa na la kujibu.

Yafaa tuelewe kinachotendeka ndani ya mwili wa mtoto kama huyo, kwa sababu asiyekielewa atarudi kwenye maji ya baridi. Chembe moja ya chavua ya nyasi ni ndogo mno. Thelathini hivi zikipangwa mstari hufikia urefu wa milimita moja. Kwa watu wengi chembe hiyo huingia puani, ikatoka na kamasi, na mambo yakaishia hapo. Lakini kwa baadhi ya watoto, hasa waliozaliwa na wazazi wenye pumu au ukurutu, mwili huidhania chembe hiyo kuwa ni adui, ukatengeneza kingamwili za namna ya pekee ambazo hujishikiza kwenye chembechembe za ulinzi zilizomo puani, machoni na katika njia za hewa. Msimu huo wa kwanza mtoto haonyeshi dalili yoyote. Anapokutana na chavua ile msimu unaofuata, kingamwili huitambua, na chembechembe zile humwaga kemikali inayoitwa histamini. Hapo ndipo pua huwasha na kutoa maji, macho huvimba, na kwa wengine njia za hewa hubana. Kingamwili hizo ziligunduliwa katika miaka ya 1966 na 1967, na Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko waliokuwa Denver, Marekani, na pia na wataalamu wawili wa Sweden waliofanya kazi mbali nao.

Maandalizi hayo huanza mapema. Nchini Ujerumani watoto 1,314 waliozaliwa mwaka 1990 katika miji mitano walifuatiliwa tangu uchangani hadi utu uzima, wakitolewa damu na kupimwa mara kwa mara. Ilionekana kwamba wengi wa wale ambao baadaye waliugua mafua ya nyasi walikuwa na kingamwili hizo katika damu zao miaka kadhaa kabla ya chafya ya kwanza, wengine wangali na umri wa miaka mitatu. Mzio huo ulianza na sehemu moja tu ya chavua, kisha mwaka baada ya mwaka ukaenea kwenye sehemu nyingine. Kwa kawaida mtoto wa aina hii huanza na ukurutu wa mashavuni na mikunjo ya viwiko akiwa mchanga, pengine na kukataliwa na yai au maziwa ya ng'ombe. Kisha, anapokaribia umri wa kwenda shule, ngozi hutulia na pua huanza. Wengine huendelea mpaka kwenye pumu. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la awali humpokea mtoto katika umri uleule ambao ugonjwa unahama kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye pumzi.

Ni mimea ipi hiyo? Hapa wengi hukosea, na kosa lenyewe lina sababu. Tunapoona mkrismasi umewaka mwekundu langoni mwa shule, na mtoto anapiga chafya chini yake, tunaulaumu mkrismasi. Lakini ua lenye rangi na harufu limeumbwa kwa ajili ya nyuki na ndege. Chavua yake ni nzito, inanata, haipeperuki. Mmea wa kuogopwa ni ule usio na ua la kutazamwa, kwa sababu haumhitaji mdudu na unautegemea upepo peke yake, na hivyo hauna budi kutoa chavua nyingi kupita kiasi. Nyasi ndizo za kwanza duniani kote. Ukoka huu tunaoupanda ili vumbi lisituingie madarasani unajulikana na madaktari wa mabara yote kuwa miongoni mwa nyasi zenye mzio mkali. Mahindi pia yana mzio, ingawa chavua yake ni kubwa na haisafiri mbali. Lakini shamba la shule linapofika dirishani, umbali haupo. Mvinje, mti wetu wa pwani, umeonekana kuwasumbua watu katika nchi mbalimbali za joto. Kinyume chake, ule unga wa manjano unaofunika madimbwi karibu na mashamba ya misonobari huwatisha watu bure, maana chavua ya msonobari, kwa wingi wake wote, ni nadra kumletea mtu mzio.

Wapo ndugu zetu watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, au ya watoto wa mjini waliodekezwa. Hoja hiyo haina ubaya, maana hata wenye ugonjwa huo waliiamini kwa muda mrefu. John Bostock, daktari wa London, alipoueleza mwaka 1819 akijitolea mfano yeye mwenyewe, alipata taabu kuwapata wagonjwa wengine wa aina yake. Charles Blackley wa Manchester, aliyethibitisha mwaka 1873 kwamba sababu ni chavua, kwa kujichanja ngozi na kujipaka chavua hiyo, alishangaa kwamba wakulima, walioishi ndani ya nyasi, waliugua kidogo kuliko wasomi wa mjini. Mshangao wake ulikuwa na msingi, na hadi leo wataalamu wanaendelea kuuchunguza.

Kizazi chetu kilipata ushahidi wa pekee katika jambo hilo. Ujerumani Mashariki, nchi ambayo wazee wa Zanzibar wanaikumbuka kwa nyumba za Kikwajuni, ilikuwa na hewa chafu ya viwanda na ya makaa ya mawe, na kila mtu alitazamia kwamba watoto wake wangeugua mzio kuliko wa upande wa Magharibi. Nchi hizo mbili zilipoungana mwaka 1990 na watoto wakapimwa, mambo yalikuwa kinyume: watoto wa Leipzig waliugua mafua ya chavua kidogo kuliko wa Munich. Kisha maisha ya Leipzig yakabadilika. Watoto wa miaka 9 hadi 11 waliopimwa huko mwaka 1991 na 1992 walikuwa na ugonjwa huo kwa asilimia 2.3, wenzao wa umri uleule waliopimwa mwaka 1995 na 1996 walikuwa wamefikia asilimia 5.1. Ni muda wa miaka minne tu, na damu ya wazazi wao haikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuishi.

Nasi namna yetu ya kuishi inabadilika. Huko Kenya, utafiti uliotangazwa mwaka 1998 uliwakimbiza watoto wa shule za Nairobi na za Murang'a, kisha ukawapima pumzi. Waliobanwa na njia za hewa baada ya kukimbia walikuwa asilimia 22.9 mjini na asilimia 13.2 shamba. Anayeona faraja katika tofauti hiyo na atazame tena tarakimu ya pili: hata katika vijiji vya Murang'a, zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila kumi alibanwa. Nami huwaza habari hiyo kila nionapo mchakamchaka wa alfajiri, watoto mia tatu wakikimbia juu ya nyasi zilizochanua huku wadogo wao wakifagia uwanja na kupandisha vumbi, na yule mmoja anayebaki nyuma akipigiwa kelele kwamba ni legelege.

Tena isidhaniwe kwamba jambo hili huishia kwenye leso. Mnamo tarehe 21 Novemba 2016, mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya radi ilipita wakati nyasi zilipokuwa katika kilele cha kuchanua. Unyevu wa dhoruba ulizipasua chembe za chavua zikawa vipande vidogo sana, vyenye uwezo wa kupita puani na kufika mapafuni. Kwa muda wa saa chache hospitali zilijaa maelfu ya watu waliokosa pumzi, wengi wao wakiwa hawajawahi kuugua pumu bali mafua ya nyasi tu, na watu 10 walifariki. Huo ulikuwa mji wenye magari ya wagonjwa kila mtaa.

Hapa kwetu mtoto huyo hufikishwa zahanati, na yafaa tuseme ukweli kuhusu kinachompata huko bila kuwalaumu wauguzi wetu. Wao wamefunzwa, na wamefunzwa vema, kwamba mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi; akiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mitano na pumzi zake zikafika 40 au zaidi kwa dakika, basi achukuliwe kuwa ana kichomi na apewe antibayotiki. Utaratibu huo umeokoa maisha ya watoto wengi mno, maana kichomi huua upesi. Lakini mtoto wa pumu naye hupumua upesi. Mwongozo wenyewe unasema kwamba kifua kikitoa mlio wa filimbi, mtoto apewe kwanza dawa ya kuvuta ya kupanua njia za hewa, hata mara tatu kwa kuachana kama robo saa, kisha pumzi zihesabiwe upya. Sasa zahanati ambayo haina dawa hiyo ya kuvuta itafanyaje? Itatoa antibayotiki iliyopo. Mtoto atapata nafuu msimu utakapopita, sifa ataipata antibayotiki, na mwaka ujao, mvua zikikoma na nyasi zikachanua, atarudishwa kupewa nyingine. Nimewaona watoto wenye kadi za kliniki zilizoandikwa kichomi mara nne kwa miaka miwili, na hakuna aliyeuliza mbona kichomi hicho hupenda mwezi wa Mei.

Hapo ndipo daftari la mwalimu linapohitajika. Muuguzi hana njia ya kujua kwamba mtoto aliye mbele yake alikosa shule wiki hiihii mwaka uliopita na mwaka wa juzi. Mwalimu anayo. Akimwandikia mzazi barua ya mistari mitatu ya kupeleka zahanati, kwamba mtoto huyu hukosa shule miezi fulani, kwamba hupiga chafya akiwa uwanjani na hutulia akiwa darasani, kwamba hukohoa akikimbia, atakuwa amempa muuguzi kitu ambacho hakuna kipimo katika zahanati kinachoweza kukitoa. Kazi hiyo haihitaji fedha wala semina. Inahitaji mwalimu asome alama alizoziandika kwa mkono wake.

Lakini barua hiyo itakuwa bure kama dirisha la dawa ni tupu, na hapo nawageukia ndugu zetu wanaoshughulika na maagizo ya dawa wilayani. Mtoto wa pumu anahitaji dawa za aina mbili. Ya kwanza ni ya kufungua pumzi anapobanwa, nayo ni salbutamol. Ya pili ni ya kuzuia asibanwe, nayo ni steroidi ya kuvuta kwa kipimo kidogo, kama beclometasone au budesonide, itumikayo kila siku hata mtoto anapokuwa mzima. Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ya kwanza hupatikana kwa shida. Ya pili ndiyo husahaulika kabisa, kwa sababu mgonjwa haioni ikifanya kazi. Aliyepewa ya kwanza peke yake huzima moto kila usiku huku kuni zikiachwa jikoni. Wale wanaopanga maagizo kwa kutazama ni nini kilichotumika mwaka jana waelewe kwamba dawa ambayo haijawahi kuletwa haiwezi kuonekana kuwa imetumika.

Yuko atakayesema kwamba mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa ya kopo, maana hulipuliza ulimini ikabaki humo. Ni kweli, na ndiyo maana hutumika chombo cha kati, chenye tundu la dawa upande mmoja na la mdomo upande mwingine, ili mtoto avute taratibu. Chombo hicho dukani ni ghali. Lakini madaktari wa hospitali ya watoto mjini Cape Town, wakiongozwa na Heather Zar, walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya kinywaji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa kopo la dawa na kuzibwa pembeni isivuje, ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa hizo zimetapakaa katika kila mtaro wa nchi hii. Muuguzi akimfundisha mzazi kuitengeneza na kuitumia, kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kuandika sindano tano.

Kuhusu vidonge vya kukausha pua, mwalimu anapaswa kujua jambo moja. Vile vya zamani vya klofeniramini, ambavyo kila duka la dawa huviuza kwa bei ya peremende, huleta usingizi. Mtoto aliyekunywa asubuhi hukaa darasani kama kivuli. Huko Uingereza mitihani mikubwa ya shule hufanyika wakati nyasi zinachanua, na utafiti uliotangazwa mwaka 2007 juu ya wanafunzi zaidi ya 1,800 ulionyesha kwamba wenye dalili za mafua ya chavua walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kushuka daraja kuliko walivyofanya katika mitihani ya majaribio ya majira ya baridi, na hatari hiyo ilizidi kwa waliokunywa dawa za usingizi. Ziko dawa za baadaye, kama loratadine na cetirizine, ambazo usingizi wake ni mdogo sana. Basi mtoto anayesinzia mwezi Mei na aulizwe kwanza amekunywa nini.

Sasa huenda msomaji anatazamia niseme kwamba ukoka ung'olewe na miti ikatwe. Sisemi hivyo, na atakayekata mti kwa kisingizio cha makala haya atakuwa amenisingizia. Uwanja usio na nyasi hutoa vumbi, na vumbi humwumiza mtoto huyohuyo. Ninachosema ni kwamba anayepanda achague, tena achanganye. Wajapani walilipa kwa kutochagua. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 milima yao ilikuwa imevuliwa misitu, na Serikali ikahimiza upandaji wa mierezi ya aina moja, iitwayo sugi, kwa mamilioni ya hekta, ili nchi ipate mbao. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwaka 1964 madaktari walitangaza wagonjwa wa kwanza wa mzio wa chavua ya mti huo kutoka mji wa Nikko. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 16.2 ya watu waliochunguzwa. Mwaka 2019 wakawa asilimia 38.8, na katika watoto wa miaka 5 hadi 9 walikuwa karibu 30 kwa kila mia. Mwaka 2023 Serikali ya Waziri Mkuu Fumio Kishida ilitangaza mpango wa kupunguza mashamba ya mti huo kwa asilimia 20 katika miaka kumi, na kuipunguza chavua yake kwa nusu katika miaka thelathini. Aliyekuwa mtoto wa darasa la kwanza mpango ulipotangazwa atakuwa na watoto wake utakapofika mwisho.

Karibu nasi zaidi uko mathenge, mti wa miiba ulioletwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na kutoa kuni. Ulienea mpaka ukafunga malisho na njia, na mwaka 2006 wakazi waliishtaki Serikali yao. Mashitaka yalihusu mbuzi waliong'oka meno na ardhi iliyopotea. Chavua haikutajwa sana. Lakini katika nchi za Ghuba, ambako mti wa jamii hiyo ulipandwa kando ya barabara ili kuleta kijani jangwani, madaktari wameikuta chavua yake miongoni mwa zile zinazowasumbua wagonjwa wa pumu. Mti huo umekwisha kuonekana upande wetu wa mpaka, katika nyanda za chini za Kilimanjaro. Afisa misitu anayegawa miche kwa shule siku ya kupanda miti ana orodha ndefu ya kuchagua: miembe, mikwaju, mizambarau, miti ambayo nyuki huizuru na watoto huila. Hana sababu ya kupanga mivinje mia mbili chini ya madirisha ya darasa la awali.

Naomba basi walimu wakuu, kabla ya mvua za masika kwisha, wayafungue madaftari ya miaka miwili iliyopita ya madarasa ya chini, wawatafute watoto ambao siku walizokosa zimerundikana katika miezi ileile, na kuwaita wazazi wao. Katika shule ya kawaida hawatakuwa wengi. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Nyasi zifyekwe mapema, kabla hazijatoa mashuke. Na watoto wale watakaokuwa wameandikwa majina wasipewe fyekeo wala ufagio siku hizo, bali wamwagilie bustani au wapange vitabu vya maktaba, mlango ukiwa umefungwa.